Kimya cha Nyapara

Risala iliyosomwa kwenye msiba wa mwalimu wangu ilimtaja kuwa mtaalamu wa mashine. Aliyeiandika hakumjua. Mzee hakuzipenda mashine, na miaka yake ya mwisho kazini aliimaliza akibishana nazo. Alichokijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi ni tezi ya shingo: nani anaiamuru, inaitika vipi, na jinsi karatasi ya majibu inavyoweza kusema kweli tupu na bado ikampoteza daktari. Sasa nimestaafu, hakuna bosi wa kuniandikia karipio. Naandika risala yangu.

Nilizaliwa mwaka 1964 milimani Ukinga, wilaya ya Makete, mahali ambapo shingo yenye rovu haikumshangaza mtu. Mama alikuwa nalo, shangazi zangu walikuwa nalo. Mvua za miaka na miaka zimeosha madini joto kutoka udongo wa milima ile, mazao hayanayo, na samaki wa baharini tulimwona kitabuni tu. Tezi ikikosa madini joto haiwezi kuunda homoni yake, ndipo inapovimba ikihangaika kunasa kila chembe inayopita kwenye damu. Na inachodai ni kidogo mno: mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, kiasi ambacho ukikijumlisha kwa miaka sabini hakijazi kijiko cha chai. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wadogo zangu walipewa shuleni vidonge vya mafuta yenye madini joto, kisha miaka ya 1990 ikaja chumvi iliyotiwa madini hayo kwa amri ya sheria, na rovu likapungua sana. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshateremka Dar es Salaam, nimesomea maabara, nimeajiriwa, na nimekabidhiwa kwa Mzee.

Alikuwa mtoto wa kambi ya mkonge, Korogwe. Baba yake alikuwa mkata mkonge, na Mzee alipotufundisha habari za tezi hakufungua kitabu.

"Pituitari ni nyapara," alisema. "Anakaa chini ya ubongo, hashiki panga, kazi yake kupaza sauti. Sauti yake ndiyo TSH. Wakataji ni tezi ya shingo, na mkonge unaotoka shambani ni thairoksini. Mkonge ukipungua, nyapara anapiga kelele. Ukizidi, ananyamaza. Juu yake yuko meneja, haipothalamasi, anayemtumia vikaratasi. Haya, mwanangu, niambie: ukipita barabarani usisikie kelele za nyapara, kazi inakwenda?"

Nikajibu inakwenda.

"Au nyapara amekufa," akasema.

Kazi yangu yote ilijengwa juu ya jibu hilo, na ugomvi nitakaousimulia ulitoka humo.

Tulipima kwa njia ya mionzi, ile tuliyoiita RIA. Iligunduliwa na Rosalyn Yalow na Solomon Berson huko New York katika miaka ya 1950, na Yalow akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977, Berson akiwa ameshafariki. Mzee alipenda kutukumbusha kwamba jarida moja kubwa liliwahi kuikataa makala yao ya mwanzo, na kwamba Yalow aliitunza barua ya kukataliwa akaja kuionyesha kwenye hotuba yake ya Nobel. Nadhani aliipenda habari hiyo kwa sababu zake mwenyewe.

Kazi ilikuwa ya mikono. Unachanganya damu ya mgonjwa na homoni iliyofungwa aiodini, yaani madini joto, yenye mionzi, unaziacha zigombee nafasi kwenye kingamwili, unatenganisha, unahesabu mionzi iliyobaki. Ukipima thairoksini, mionzi ikiwa michache, homoni ya mgonjwa ni nyingi. Aiodini ile, namba 125, hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya siku kama 60, kwa hiyo mzigo wa vitendanishi ukikaa forodhani ulikuwa unakufa ukiwa kwenye boksi. Kila sampuli tuliipima mara mbili. Mkunjo wa viwango tuliuchora kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, na Mzee alikuja kuuangalia akiwa amesimama nyuma yako, kimya. Nukta moja ikitoka nje ya mkunjo hakuuliza umefanya nini. Aliuliza, "Huyu mgonjwa ni nani?"

Swali hilo liliwaudhi wengi. Karatasi ya kuomba kipimo isiyo na umri, isiyosema kama mama ni mjamzito, isiyotaja dawa, aliirudisha wodini. Manesi walimnunia. Lakini alikuwa na sababu, na kwa kuwa vijana wa sasa wanaikwepa nitaieleza. Katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, homoni ya mimba inaichokoza tezi moja kwa moja, TSH inashuka, na mama mzima wa afya anaonekana kwenye karatasi kama ana ugonjwa. Mgonjwa aliye mahututi kwa sababu nyingine kabisa, T3 yake, homoni nyingine ya tezi, inaanguka wakati tezi haina kosa. Aliyeanza vidonge vya thairoksini wiki mbili zilizopita, TSH yake bado inasimulia habari za zamani: thairoksini huchukua kama siku saba kupungua nusu, na pituitari haibadili sauti kwa haraka. Subirini wiki sita, jamani. Nimeona wagonjwa wakiongezewa dozi kila baada ya siku kumi hadi moyo ukaanza kwenda mbio, halafu lawama ikaja maabara. Muulizeni pia kama kidonge anakinywa kwa maji, tumbo tupu, kabla ya chai, na kama hakichanganyi na vidonge vya kuongeza damu. Dozi nyingi zinazoitwa hazitoshi zinaishia kwenye kikombe cha chai ya maziwa.

Kisha ikaja mashine ya kujiendesha, na RIA ikafungwa. Pamoja na mashine ulikuja utaratibu mpya: kila mgonjwa wa tezi apimwe TSH peke yake, na T4, yaani thairoksini, ifuate tu kama TSH imetoka nje ya mipaka. Nitasema haki: utaratibu huo unatumika duniani kote na una mantiki. T4 ikishuka nusu, TSH yaweza kupanda mara mia, kwa hiyo pituitari huona hatari mapema kuliko kipimo kingine chochote. Kwa mgonjwa ambaye kinga ya mwili inaila tezi yake polepole, ugonjwa ulioelezwa na Hakaru Hashimoto mwaka 1912, TSH inapanda wakati yeye mwenyewe bado anadhani ni uchovu wa uzee. Kwa mwenye ugonjwa wa Graves, ambao tezi yake inazidisha homoni, aliyekonda, anayetoka jasho, mikono ikitetemeka na macho yakimtoka, TSH inazama isionekane. Wengi wa wagonjwa wetu ni hao, na kipimo kimoja kinatosha kuanzia. Pesa nazo ni za kweli.

Mzee alilijua hilo na bado akapinga. Alitaka jambo dogo: karatasi ikisema mgonjwa ana dalili zote za tezi kuzorota na TSH ikatoka ndani ya mipaka, maabara iruhusiwe kupima T4 bila kuombwa. Kwenye kikao, daktari bingwa mmoja aliyekuwa na sauti kubwa pale kazini alimjibu kwamba mashine haidanganyi na maabara si kliniki. Mzee akasema mashine haidanganyi kweli, ila inajibu ulichoiuliza. Watu wakacheka, na nadhani kicheko hicho ndicho ambacho bingwa hakukisamehe.

Haukupita muda mrefu akaletwa mama wa makamo. Karatasi yake ilikuwa na maneno mengi kuliko kawaida, kwa kuwa iliandikwa na daktari wa mafunzo, msichana mpya aliyekuwa bado anaogopa kuacha kitu. Uchovu, baridi, ngozi kavu, sauti imekuwa nzito, hedhi haijarudi tangu azae mtoto wa mwisho miaka kadhaa iliyopita. TSH ikatoka ya kawaida kabisa. Kwa utaratibu, faili lilifungwa hapo.

Mzee akaitoa damu ile kwenye friji akapima T4. Ilikuwa chini, si chini kidogo. Akaandika kwa mkono chini ya majibu: TSH hailingani na T4, tafadhali angalieni pituitari, na muulizeni mama kuhusu uzazi wake wa mwisho.

Yule daktari wa mafunzo akamuuliza. Mama alikuwa ametokwa damu nyingi sana wakati wa kujifungua, akazimia, na maziwa hayakutoka hata tone. Ni ugonjwa ulioelezwa na Harold Sheehan mwaka 1937. Wakati wa mimba pituitari hukua. Damu ikimwagika ghafla, tezi ile iliyokua hukosa damu na sehemu yake kubwa hufa. Nyapara alikuwa amekufa, na TSH iliyopimika ilikuwa sauti hafifu isiyoweza tena kupanda. Katika nchi ambazo akina mama bado wanatokwa damu wakati wa kujifungua, huu si ugonjwa wa kwenye vitabu tu.

Kuna jambo lililonifanya nimheshimu zaidi. Mzee alikwenda wodini mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kabla ya hapo, akamwambia yule msichana, "Dokta, usianze na thairoksini." Pituitari ikifa haiitupi tezi ya shingo peke yake, tezi zilizo juu ya figo nazo zinakosa amri, na mwili unakosa kotizoli. Ukimpa mgonjwa huyo thairoksini kwanza, mwili unachangamka na kuimaliza kotizoli kidogo iliyobaki, na anaweza kuanguka akafa. Kotizoli ikapimwa, akaanzishiwa haidrokotizoni, dawa ya kuziba pengo la kotizoli, thairoksini ikafuata baadaye. Mama alirudi kliniki akitembea kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli zake.

Mzee akapewa barua ya karipio kwa kutumia vitendanishi bila maombi. Ninayo nakala yake. Yule bingwa alikuja kuisimulia habari ya mgonjwa huyo kwenye mkutano wa madaktari, kwa slaidi nzuri, na T4 ikatajwa kana kwamba iliota yenyewe kwenye faili. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma. Baada ya hapo alinisalimia kwa heshima siku zote, nami nikamwitikia.

Mzee alipostaafu nikabaki na swali lake la huyu mgonjwa ni nani, na miaka ya karibuni limekuwa kali kuliko wakati wake. Alikuja binti mmoja mwenye TSH karibu na sifuri na T4 iliyopanda. Kwenye karatasi, Graves ya kuandikwa kitabuni. Kabimazoli, dawa ya kuituliza tezi, ilikuwa imeshaandikwa. Nikaomba nimwone. Mapigo yake yalikuwa ya utulivu, mikono haitetemeki, na alilalamika kwamba ananenepa. Nikamuuliza dawa anazotumia, akasema hatumii.

"Na za nywele, mwanangu?"

Akafungua mkoba akatoa kopo. Biotini, miligramu 10 kwa kidonge, wakati mwili hauhitaji zaidi ya maikrogramu 30 hivi kwa siku. Mashine nyingi za sasa hutumia biotini kama gundi ya kunasia kile zinachopima. Damu ikijaa biotini ya kopo, gundi inavurugika: TSH inasomeka chini, T4 inasomeka juu, na tezi ya binti wa watu haina habari. Aliacha vidonge, tukampima tena baada ya wiki moja, kila kitu kikawa mahali pake. Angemeza kabimazoli, dawa ambayo mara chache huua chembe nyeupe za damu, kwa ajili ya nywele.

Kabla sijaondoka kazini niliomba fomu ya kwenye kompyuta iongezwe mistari miwili, mmoja wa dawa na virutubisho anavyotumia mgonjwa, mmoja wa ujauzito na uzazi uliopita. Nikajibiwa kwamba nafasi kwenye skrini haitoshi. Fomu hiyo ina nafasi ya namba ya bima, namba ya simu, barua pepe, na jina la mtu wa kuwasiliana naye wakati wa dharura. Nimeandika tena mwezi huu, safari hii nikaambatisha nakala ya barua ya karipio.