Safari Iliyonirudisha Makaburini

Mpenzi msomaji, nikisema kwamba sikupata hata lepe la usingizi usiku ule usidhani ninatia chumvi. Ilikuwa mwaka wa 2023, muhula wa pili, na sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tulikuwa tumeahidiwa ziara ya Nakuru. Jogoo wa kwanza alipowika mtaani kwetu West Indies (usiniulize visiwa vya Karibi vilifikaje Eldoret) nilikuwa nimekwisha kuoga, nimevaa sare na kupiga viatu rangi hadi vikang'aa. Mama alinipa chapati mbili zilizofungwa kwa gazeti pamoja na shilingi hamsini.

"Hiyo hamsini usiimalize yote," akaniasa.

Basi liling'oa nanga saa kumi na mbili. Burnt Forest tulipita tukiimba, lakini tulipofika Timboroa baridi ilitufumba vinywa. Wengi wetu tulikuwa na hamu ya kuwaona heroe wa ziwani. Kumbe mwalimu alikuwa na yake! Tulipitiliza mji, tukashuka kando ya barabara iendayo Nairobi, chini ya kilima kilichojaa mawe.

Kilima hicho huitwa Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi, kwa kuwa zamani wanyama hao wadogo ndio waliokuwa wenyeji wa nyufa zake. Hapo kuna jumba dogo la makumbusho ambalo zamani lilikuwa nyumba ya shamba. Mwelekezi wetu, bwana mmoja mpole mwenye sauti nzito, alitueleza kwamba Mary Leakey alianza kuchimba hapo mwaka wa 1937. Akatuonyesha vishimo vya bao vilivyochongwa juu ya mwamba, tena vimepangwa sawasawa kama vya mbao tunazochezea leo. Nilijaribu kuwawazia waliokuwa wakicheza: nani alikuwa mwizi wa kete, nani alikuwa akinuna akishindwa?

Tulipofika kwenye mashimo mapana yaliyoota nyasi, mwenzetu mmoja anayetoka mashambani huko Uasin Gishu aliangua kicheko.

"Hizi hata kwetu ziko! Guka ya jirani husema ni za Wasirikwa. Sisi huchungia ng'ombe ndani."

Tukadhani mwelekezi atamkaripia. Badala yake alifurahi sana. Alisema hapo mwanzo wataalamu waliyadhania kuwa nyumba za watu, mpaka uchunguzi wa miaka ya 1950 na 1960 ulipoonyesha kwamba yalikuwa mazizi, na wenye ng'ombe wakiishi katika vibanda vilivyojengwa ubavuni mwa zizi. "Kwa hivyo ng'ombe wenu wamerudi kwao," akasema, nasi tukacheka hadi mbavu zikatuuma.

Kisha tukafika makaburini. Yalikuwa ya kale kuliko mazizi hayo, ya watu wa Enzi za Mawe. Wafu walizikwa wamekunjwa, magoti kifuani, na juu yao pakarundikwa mawe. Wanawake walizikwa na vyombo vyao vya mawe, wanaume hawakuwekewa kitu. Wasichana walipiga vigelegele kwa habari hiyo! Mwelekezi alitutajia pia pango la Mto Njoro, si mbali na hapo, ambamo akina Leakey walichimba mwaka wa 1938 wakakuta mabaki ya watu zaidi ya sabini waliochomwa moto na kuzikwa pamoja na shanga na mabakuli ya mawe, yapata miaka elfu tatu iliyopita.

Jua lilikuwa limeanza kuwaka na njaa kutukeketa. Nyuma yangu mtu alinung'unika, "Kwani tumetolewa Eldy kuja kuangalia mawe? Si mawe zimejaa Sosiani!"

Mwelekezi alimsikia. Hakukasirika. Alitukalisha chini ya mti akasema, "Basi niwape moja ya pwani, halafu mle."

Akatusimulia juu ya pango liitwalo Panga ya Saidi, katika kaunti ya Kilifi, ambalo hata leo wenyeji hulitumia kwa matambiko yao. Humo wachimbaji waliteremka mita tatu hivi chini ya sakafu ya pango wakakuta shimo dogo lenye mifupa laini mno, ikishikwa tu inageuka vumbi. Ikabidi wafunike udongo wote kwa plasta kama mguu uliovunjika, wakaubeba mzima mzima hadi Nairobi, na baadaye Uhispania, ili ufunguliwe taratibu. Mwaka wa 2021 ndipo matokeo yalipotangazwa. Alikuwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa takribani miaka elfu sabini na nane iliyopita. Hakuna kaburi la binadamu la kale kuliko hilo lililojulikana barani Afrika. Watafiti walimpa jina la Kiswahili: Mtoto.

"Walimlaza kwa ubavu wa kulia," mwelekezi akaendelea, "wakamviringisha kitu mwilini. Na kichwa kilivyokuwa kimelalia, inaonekana walimwekea mto. Mto wenyewe umeoza zamani, lakini shingo ndiyo iliyotoa siri."

Wenzangu walikimbilia chakula. Mimi miguu ilikataa.

Msomaji, mwaka wa 2017 nilikuwa na umri wa miaka tisa. Mdogo wangu alikuwa na miwili na miezi kadhaa. Alishikwa na homa siku ya Jumanne, na Ijumaa hatukuwa naye tena. Kwa kuwa sisi hatuna shamba popote, alizikwa katika makaburi ya mji. Nakumbuka kabla ya sanduku kufungwa Mama aliifungua leso yake kiunoni, akaikunja mara nne, akamwekea chini ya kichwa. Mwanamke mmoja jirani alimwambia, "Mama nanii, wacha, hiyo itaoza bure." Mama hakumjibu.

Kaburi liliwekwa kibao chenye namba. Mwaka uliofuata tulikwenda, kibao hakikuwepo. Labda mvua, labda mtu alikosa kuni. Nyasi zilikuwa zimefika kiunoni. Tulizungukazunguka hadi jua likatua, na tangu hapo Mama hakwenda tena wala jina la mtoto halikutajwa nyumbani.

Chapati zangu nilirudi nazo. Usiku huo Mama alikuwa akikatakata sukuma wiki za kuuza, nami nikamsimulia yote, bao, mazizi, pimbi, hadi nikafika pangoni. Kisu kikasimama.

"Walimlazia nini kichwani?"

"Haijulikani, Mama. Kilioza. Labda majani, labda ngozi."

"Lakini wakajua kwamba kilikuwako."

"Wakajua."

Akaendelea kukata. Baada ya muda mrefu akasema, "Leso yangu ilikuwa ya maua mekundu."

Jumamosi iliyofuata aliniamsha mapema. Tulishuka hadi mto Sosiani tukiwa na gunia tupu. Husemwa kwamba jina la Eldoret latokana na neno la Kimaasai la mto wenye mawe, na siku hiyo niliamini. Tuliokota tuliyoyaweza. Kijana wa bodaboda aliyetubebea gunia aliuliza, "Mathe, kwani unajenga?"

"Najenga," Mama akajibu.

Makaburini tulitafuta tena. Kibao hatukukipata, wala alama yoyote. Mama alisimama kati ya mti na ua, akapima hatua kwa macho, akapiga magoti akaanza kung'oa nyasi kwa mikono. "Ni hapa," akasema. Sikumuuliza amejuaje. Tuliyapanga mawe, makubwa pembeni, madogo katikati, na lile bapa kuliko yote akaliweka upande wa kichwa.

Tulirudi West Indies kwa miguu. Njiani Mama alimtaja jina.