TWENDE KIBEREGE: MLINZI NAYE ANASOMA



Leo twende safari. Tunapanda basi Mikumi, tunaelekea kusini. Tukivuka daraja la Mto Ruaha Mkuu tunaingia Kidatu, penye miwa na kiwanda cha sukari. Kulia kwetu ni milima ya Udzungwa. Kushoto ni bonde la Kilombero. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo inapita upande huu.

Kutoka Kidatu hadi Ifakara ni kama kilomita 67. Kabla ya Ifakara tutashuka Kiberege.

Lakini tusiondoke Kidatu haraka. Hapa pana chuo cha polisi. Chuo kingine kikubwa kiko Moshi. Je, unadhani askari husoma mara moja tu, siku anapoanza kazi? Sivyo. Askari anayepandishwa cheo kuwa sajini au mkaguzi hurudi darasani, hata kama ana mvi. Anajifunza sheria na namna ya kuongoza wenzake. Kiongozi asiyejua sheria huwaponza wale anaowaongoza.

KIBEREGE

Sasa tumefika. Kiberege inajulikana kwa gereza lake, ambalo wafungwa wake hulima. Inajulikana pia kwa mpunga, kama bonde lote la Kilombero.

Kulinda si jambo geni hapa. Mkulima wa bonde hili hujenga dungu shambani. Hukaa juu yake kufukuza ndege mchana na nguruwe mwitu usiku. Familia nyingi huhamia mashambani kwa miezi kadhaa, mpaka mavuno yaishe. Huku nyuma nyumba zinabaki na kufuli, au na bibi na wajukuu. Mwizi anajua hivyo. Baadaye magunia yakishafika nyumbani, mwizi anajua hilo pia.

Ndiyo maana vijiji vina walinzi wao. Kila halmashauri ya kijiji ina kamati ya ulinzi na usalama. Kuna mgambo, na kuna sungusungu. Sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walipochoka na wezi wa ng'ombe. Mwaka 1989 Bunge lilibadilisha sheria ya mgambo ya mwaka 1973, ili walinzi wa namna hii watambuliwe na sheria. Siku hizi Jeshi la Polisi limepeleka wakaguzi wake kwenye kata. Watu huwaita Polisi Kata. Moja ya kazi zao ni kukaa na walinzi wa vijiji na kuwafundisha.

TUSEME NI WEWE

Tuseme wewe ndiye kamanda wa sungusungu wa kitongoji chako. Ni saa nane usiku. Vijana wako wamemsimamisha mtu mwenye baiskeli. Amebeba gunia la mpunga. Hawamjui. Mmoja anapiga filimbi. Watu wanatoka na marungu. Sauti inasema, "Mwizi huyo! Apigwe!"

Wote wanakutazama wewe. Utafanya nini?

Huenda mtu huyo ni mwizi kweli. Huenda pia ni mkulima aliyechelewa njiani na gunia lake mwenyewe. Usiku ule hakuna ajuaye. Akifa mikononi mwenu, hamtajua kamwe. Tena aliyempiga atashtakiwa kwa kuua, na kamanda aliyeamuru atashtakiwa pamoja naye. Kijiji kitakuwa kimepoteza watu wawili au watatu kwa gunia moja.

Sheria inasemaje? Katiba yetu inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka mahakama imwone na hatia. Inakataza kumtesa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa. Lakini inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kukawia.

Basi kamanda mwenye busara hufanya hivi:

1. Husimama kati ya mtu na marungu, akiwa na wenzake. Haendi doria peke yake.
2. Humwuliza mtu jina lake, atokako na aendako.
3. Huita polisi. Namba ya dharura ni 112.
4. Huandika saa, mahali, majina ya mashahidi na mali iliyokutwa.
5. Humpeleka mtu huyo kituoni pamoja na lile gunia. Halifichi, wala haligawi.
6. Mtu akiwa ameumia, polisi hutoa fomu ya PF3 ili atibiwe na ushahidi ubaki.

Angalia namba 4, ndugu msomaji. Kazi hiyo haifanywi kwa rungu. Inafanywa kwa kalamu. Mtu aliyejifunza kusoma na kuandika ukubwani anaweza kuifanya. Daftari la shilingi chache linaweza kumwokoa asiye na kosa, na linaweza kumfunga mwizi wa kweli. Kesi inaweza kuanguka mahakamani kama hakuna aliyeandika kitu.

Sasa turudi nyumbani kwako. Mkutano wa kijiji ukifika, simama uulize maswali haya:

Walinzi wetu wamefundishwa lini mara ya mwisho, na nani?
Daftari la doria liko wapi, na nani analiandika?

Kama hakuna jibu, mwalikeni Polisi Kata aje afundishe. Mwalikeni kabla ya mavuno. Usiku wa filimbi hakuna nafasi ya kujifunza.