Njuga za Tucson

Tucson ni mji wa jangwani kusini mwa jimbo la Arizona, Marekani, na milima imeuzunguka kila upande. Mwezi wa sita joto hupita nyuzi 40, watu hujifungia ndani mpaka jua lizame. Nilikwenda kusoma, nikapata chumba ukingoni kabisa mwa mji, pale lami inapoishia na jangwa kuanza: mawe, vichaka vya miiba, na midungusi ya saguaro iliyosimama mirefu kuliko nyumba zetu.

Majirani zangu wengi walikuwa Wakongo wa Kivu ya Kusini. Walikuwa wamekaa miaka mingi kambini Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kupewa makazi Marekani, kwa hiyo uani kwetu lugha ilikuwa Kiswahili. Jioni tulitoa viti nje, tukachoma mahindi, tukapiga soga za Uvira kwao na za Dodoma kwetu. Mwezi wa saba mvua zilipoanza, harufu ya ardhi iliyolowa ilinirudisha nyumbani moja kwa moja. Lakini majira hayohayo ndiyo nyoka nao hutembea usiku, na Arizona ina aina 13 za nyoka wa njuga, nyingi kuliko jimbo jingine lolote la nchi ile.

Wa kwanza nilimsikia kabla ya kumwona. Mpira wa watoto ulikuwa umebingirikia chini ya ngazi, kijana mmoja akainama kuutoa, mara ukavuma mlio mkali, mkavu, usiokatika, kama kayamba linalotikiswa na mtu mwenye hasira. Mama yake alimvuta kwa shati. "Kaka, usisogee hapo!" akanipigia kelele na mimi. Tulipomulika tochi tulimwona nyoka amejikunja, shingo ameirudisha nyuma, na mkia umesimama wima. Karibu na njuga mkia ule ulikuwa na pete nyeusi na nyeupe zilizopangika vizuri mno. Njuga zenyewe zilitikisika kwa kasi hata jicho halikuzipata. Ulichoona ni ukungu tu. Ulimi ulitoka, ukapinda juu na chini, ukarudi.

Mwanamume mmoja alikuwa ameshachukua sepetu. Ndivyo tulivyolelewa sote: nyoka akionekana, hatoki hai. Msimamizi wa nyumba, mzee mwenye asili ya Meksiko aliyezaliwa jangwani humo, akamshika mkono. Watu wengi hung'atwa, alisema, wakijaribu kumuua au kumkamata. Akapiga simu zimamoto, nasi tukakaa mbali tukimwangalia. Walikuja na koleo refu na ndoo yenye mfuniko, wakamwinua taratibu, wakaenda kumwachia kwenye mawe yasiyo mbali. Mzee akatueleza sababu: nyoka akipelekwa mbali na mashimo anayoyajua, hutangatanga na mara nyingi hufa.

Kuanzia siku hiyo nilimtafuta mzee huyo kila nilipopata nafasi. Alikuwa na njuga kavu kwenye kopo, akaniwekea moja kiganjani. Nyepesi, rangi ya kucha, na kweli imetengenezwa kwa kitu kilekile kinachotengeneza kucha zetu. Nilidhani nitakuta mbegu ndani, hamna kitu. Ni vipingili vitupu vilivyoshikana kwa kulegea, vikigongana ndio mlio. Kila nyoka anapojivua gamba kipingili kimoja huongezeka, na kwa kuwa hujivua zaidi ya mara moja kwa mwaka, na vya mwisho hukatika, huwezi kuhesabu umri wake hapo. Mtoto mchanga ana kipingili kimoja tu, hivyo hana mlio, lakini sumu anayo.

Kilichonishangaza zaidi ni usoni. Kati ya jicho na pua kuna kitundu kila upande, na kwa vitundu hivyo nyoka huhisi joto la panya gizani totoro. Vifutu wetu wa Afrika hawana vitundu hivyo. Chatu wetu ndiye anavyo, midomoni. Na jike wa nyoka wa njuga hatagi mayai, huzaa watoto, kisha hukaa nao mpaka wajivue gamba la kwanza. Sikuwahi kumfikiria nyoka kama mzazi.

Kifutu wa kwetu, ambaye wengine humwita moma, naye hutoa onyo: hujaza pumzi na kufoka. Tatizo lake ni utulivu. Analala njiani rangi moja na majani makavu, hakimbii, na mkulima anamkanyaga. Binamu yangu alimkanyaga akivuna mtama, pekupeku. Walimfunga kamba mguuni, wakamchanja, wakambandika jiwe jeusi linaloaminiwa kunyonya sumu. Kituo cha afya alikofikishwa hakikuwa na dawa. Alipona, lakini mguu ule haujawahi kuwa mguu tena.

Nilimsimulia mzee habari hiyo. Alinyamaza, kisha akasema yeye aling'atwa mkononi ujanani, akawahishwa hospitali, akachomwa dawa, na mkono akanionyesha mzima. Marekani watu kama 7,000 hadi 8,000 hung'atwa na nyoka wenye sumu kila mwaka, na wanaokufa ni kama watano. Dawa yake ni ghali ya kutisha, maelfu ya dola kwa chupa moja, lakini ipo. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka, na vingi viko Asia na Afrika, kwa watu wa jembe. Shirika hilo liliingiza kung'atwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, baada ya kusahaulika kweli.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaolima na mnaochunga. Vaeni buti shambani, bebeni tochi usiku hata kama ni kwenda chooni. Mtu aking'atwa msimfunge kamba, msimchanje, msimbandike jiwe. Mvueni pete na bangili, mtulizeni, kiungo kisitikisike, apelekwe hospitali mara moja. Na kabla ya mavuno, nendeni kwenye kituo chenu cha afya mkaulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo. Kama haipo, mbaneni diwani wenu mpaka iletwe.