Barua kutoka Minnesota: Ziwa linalokanyagwa kwa miguu

Barua hii ni kwa ndugu na jamaa wa Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, kuanzia Kataki hadi ng'ambo ya mto Lukuga. Huku Minnesota, kaskazini mwa Marekani, baridi imekaza na maziwa yameganda. Kwenye ziwa Mille Lacs vibanda vya wavuvi husimama kwa maelfu juu ya barafu, na magari hupita katikati yake.

Uvuvi wenyewe hauna makelele. Mvuvi hutoboa barafu kwa keekee kubwa, hukomba vipande vinavyoelea tunduni, hugeuza ndoo kuwa kiti, kisha huteremsha ndoana na kungoja. Sheria ya jimbo humruhusu mishipi miwili wakati wa barafu. Anayesakwa zaidi ni walleye, samaki ambaye ni alama ya Minnesota tangu 1965.

Wakongomani wengi waliohamia Marekani na Kanada walipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996. Baadhi yao walikulia kando ya Tanganyika. Wanajua taa za usiku zinavyokusanya ndakala, wanajua mikebuka inakopita, na waliogelea kabla ya kuanza shule. Lakini ziwa hilo, lenye kina cha karibu mita 1,470, haligandi kamwe, na maji yake ya juu yana joto mwaka mzima. Ujuzi wa kule hauwafundishi kitu kuhusu barafu, na hapo ndipo hatari ilipo: aliyezaliwa kando ya maji huwa haogopi maji.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye amejitumbukiza mwenyewe katika maji ya barafu kwa ajili ya utafiti, hufundisha hesabu tatu. Dakika 1 ya kwanza mtu hutweta bila kujizuia, na akivuta maji badala ya hewa, amekwisha. Kazi yake ni kutulia hadi pumzi irudi. Kisha ana dakika kama 10 ambazo mikono na miguu bado inamtii. Baada ya hapo viungo hulegea, hata awe muogeleaji hodari namna gani, ingawa fahamu yaweza kudumu hadi saa 1. Ndiyo maana jaketi okozi huvaliwa hata juu ya barafu.

Barafu haiaminiwi kwa macho, hupimwa. Idara ya Maliasili ya Minnesota inapendekeza unene wa sentimita 10 kwa mtu anayetembea, na sentimita 23 hadi 25 kwa gari dogo. Hayo ni kwa barafu mpya iliyo safi na ngumu. Ile nyeupe, iliyochanganyika na theluji, nguvu yake ni nusu, kwa hiyo unene unaotakiwa ni maradufu. Na vipimo havifanywi mara moja tu ufukweni: mvuvi hutangulia na mtaimbo, akipima tena kila baada ya mita 45 hivi, maana penye mkondo au chemchemi barafu huwa nyembamba.

Halafu kuna upepo. Kalemie haijasahau Desemba 2014, meli Mutambala ilipozama ikiwa imejaza kupita kiasi katika upepo mkali, na watu zaidi ya 120 wakafa. Huku nako upepo hauchezewi. Tarehe 29 Desemba 2023, katika majira ya baridi yaliyochelewa, kipande kikubwa cha barafu kilimeguka kwenye ziwa Upper Red Lake, kikaelea na wavuvi zaidi ya 100. Waliokolewa kwa boti. Mwaka 2009, kwenye ziwa Erie, watu 134 walinasuliwa katika tukio la namna hiyo, na mmoja alikufa.

Hatari nyingine Kalemie inaijua vizuri. Mbabula ya makala haiingizwi katika chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa yake yenye sumu haina rangi wala harufu. Jiko la gesi ndani ya kibanda cha barafu linaweza kuua vilevile, hasa aliyelala. Tundu la hewa liachwe wazi, na kengele ya kugundua hewa hiyo yenye sumu iwekwe.

Aliyetumbukia ageukie upande alikotoka, kwani barafu ya huko ilikwisha kumbeba. Apige mateke hadi mwili ulale juu ya maji, achomeke kwenye barafu misumari miwili yenye vishikio aliyoivaa shingoni, ajivute, kisha abiringike hadi mbali bila kusimama. Anayemwokoa asimkaribie: amtupie kamba, na apige simu 911.

Basi wazazi, wajomba na mashangazi, mkiongea na watoto wenu kwa simu Desemba hii, msiishie kuuliza habari za kazi na masomo. Waulizeni kama wanaenda ziwani, wanakwenda na nani, na ni nani aliyepima barafu asubuhi hiyo.