Msichana Aliyesimama Pembeni ya Mwili Wake

Jamani, wiki hii tunaongea juu ya kitabu. Si cha dini, si cha shule. Kinaitwa If I Stay, yaani "Nikibaki", cha Mmarekani Gayle Forman, kilitoka mwaka 2009. Filamu yake ikatoka 2014, wengine mtakuwa mmeiona kwenye simu. Kama hujaiona na hutaki kujua mwisho, ishia hapa.

Mia ana miaka 17, anapiga chelo, ile kama fidla kubwa ambayo unaipiga umekaa. Siku ya theluji shule zimefungwa, familia inapanda gari kwenda kutembea. Ajali. Baba na mama wanakufa palepale barabarani. Mia anasimama, anashangaa mbona haumwi popote. Kumbe aliyesimama si mwili. Mwili wake anauona umelala chini. Basi anaufuata hadi hospitali, anaona kila mtu, hakuna anayemwona. Mdogo wake Teddy naye anafariki. Nesi mmoja anasema kubaki au kwenda ni juu ya Mia mwenyewe.

Tulikisoma kwa sauti, mmoja anasoma Kiingereza, mwingine anatafsiri papo hapo. Roho kutoka mwilini haikumshtua mtu, hayo tumeyasikia kwa wazee tangu tukiwa wadogo. Kilichotushtua ni kuulizwa. Sisi tulibaki bila kuulizwa. Siku ile kila mtu alikimbia upande wake, na nani alivuka, nani hakuvuka, hakuna aliyemwambia mtu eti chagua. Dada mmoja wa kikundi alikasirika kabisa: huyu Mia anasitasita nini, ana babu, ana bibi, ana mpenzi, ana mpaka mashine ya kumpumulia!

Lakini kuna pale babu anakaa karibu na kitanda, anamwambia kwamba akitaka kwenda ni sawa, ataelewa. Hapo kusoma kulisimama. Kwetu mgonjwa anaambiwa "jikaze, Mungu yupo". Na aliyebaki peke yake anaambiwa vilevile, jikaze. Hakuna anayesema: naona umechoka. Ndugu zetu wa mashirika, mnaotuchoresha mti wa maisha, hapo tunaomba mtusikilize. Kuna siku mtu hataki kuchora. Anataka mmoja akae karibu tu.

Mia anabaki. Wengi wanafunga kitabu hapo wakifurahi. Sisi tunasema tafuteni cha pili, Where She Went, cha 2011, ambacho msimulizi ni yule mpenzi wake, Adam, miaka mitatu baadaye. Mia yuko hai, anapiga muziki wake, lakini alimwacha Adam bila maelezo, na Adam amejaa hasira na vidonge. Hicho tumekipenda zaidi, maana hakidanganyi. Hapa kambini ukisema "nafasi ya pili" watu wanafikiria ndege ya kwenda nchi ya tatu, kama vile ukishashuka kule umepona.

Kuna kijana mmoja kwetu, miezi mingi alikuwa anakuja, anakaa nyuma, hasemi. Tulipofika kwenye chumba cha kungojea, ndugu na marafiki wa Mia wamejaa, akauliza: "Ingekuwa mimi, kwenye lile benchi angekaa nani?"

Kimya. Kwao hakubaki mtu, sote tunajua.

Halafu yule dada aliyekasirika akaanza kuhesabu kwa vidole. Mimi, akasema. Na huyu. Na mama wa nyumba ya pili anayekupikia siku ukiwa na malaria. Na yule jirani unayedaiwa mia tano, huyo atawahi kuliko wote, hawezi kukubali ufe na deni.

Alicheka. Jumamosi iliyofuata alikaa mbele, akaomba yeye ndiye atafsiri.