Mtaa wa Rossi: Ngoma Iliyotiwa Daftarini

Msafiri afikapo St. Petersburg, nchini Urusi, akipita nyuma ya jumba la tamthilia la Alexandrinsky hukutana na mtaa mfupi ulionyooka kama uzi. Jina lake ni Rossi, kwa heshima ya Carlo Rossi, msanifu aliyeuchora. Urefu wake ni mita 220, upana mita 22, na majengo yaliyoukabili pande zote mbili yana kimo cha mita 22 vile vile. Humo ndimo ilimo shule ya baleti iliyoanzishwa mwaka 1738, ambayo leo huitwa kwa jina la mwalimu Agrippina Vaganova.

Katika madarasa yake ngoma hurithishwa toka mwili hadi mwili: mwalimu huonyesha, mwanafunzi huiga. Lakini mwalimu ni binadamu. Husahau, na hatimaye hufa. Wahenga walinena: mali bila daftari, hupotea bila habari.

Aliyetaka kuipatia baleti daftari lake ni Vladimir Stepanov, mchezaji wa jumba la Mariinsky mjini humo. Alijifunza elimu ya viungo vya mwili, na mwaka 1892 akachapisha mjini Paris alfabeti ya mienendo ya mwanadamu. Aliazima nota za muziki: mistari miwili ya kichwa na kiwiliwili, mitatu ya mikono, minne ya miguu. Nota huonyesha kiungo kielekee wapi, na kwa muda gani. Stepanov alifariki mwaka 1896, hajatimiza miaka 30.

Wenzake waliendelea kuziandika ngoma za mtunzi mashuhuri Marius Petipa. Baada ya Mapinduzi ya 1917, Nikolai Sergeyev, aliyekuwa msimamizi wa wachezaji wa Mariinsky, aliihama Urusi akichukua karatasi hizo. Kwa kuzisoma aliwafundisha Waingereza mjini London "Ziwa la Mabata Maji" mwaka 1934 na "Mrembo Aliyelala" mwaka 1939. Alifariki mwaka 1951, na mwaka 1969 karatasi zikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani.

Hivyo Mariinsky ilipotaka kumwamsha "Mrembo Aliyelala" kama alivyochezwa mara ya kwanza mwaka 1890, iliubidi urithi wake kuutafuta ng'ambo. Sergei Vikharev aliifufua ngoma hiyo mwaka 1999. Si wote waliofurahi, kwani wengi walikuwa wamelelewa na mpango mpya wa mwaka 1952, nao ndio waliouita wa asili.

Tena, karatasi nyingi hueleza miguu tu. Mistari ya mikono imeachwa tupu. Hapo msomaji hana budi kurudi kwa wazee waliocheza, awaulize. Ndiyo maana katika mtaa wa Rossi vijana wangali wakisimama kila asubuhi mbele ya mwalimu, wakimtazama mikono.