Chupa yenye Kizibo cha Gunzi

Juma lililopita mjukuu wangu, alipokuwa akifagia ghala, alitoka na chupa ya kijani yenye kizibo cha gunzi akaniuliza kama aitupe. Nami nilipomwambia kwamba bila chupa ile mama yake asingepata dawa ya kikohozi, alistaajabu mno, kwani yeye tangu azaliwe hajui dawa ila kwa kadi ya bima.

Zamani, katika zahanati yetu, kando ya njia iendayo Dongobesh, alikuwapo mzee mgawa dawa tuliyemwita Bwana Dresa. Mgonjwa wa kikohozi ilikuwa sharti aje na chupa yake, imesuguliwa kwa majivu, na Bwana Dresa, kabla ya kumimina, aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akainusa. Na ikiwa inanuka mafuta ya taa humrudisha mtu kwake, hata kama ametembea tangu alfajiri. Vidonge vya klorokwini alivihesabu kwa ncha ya kisu juu ya sahani ya bati, viwili viwili, midomo ikimchezacheza, kisha akavifunga katika karatasi ya daftari, na aghalabu mimi mwalimu niliutambua mwandiko wa wanafunzi wangu juu ya dawa ya jirani. Harufu ya chumba kile, ya spiriti na iodini, ingali puani mwangu. Hakudai senti. Waama, dawa zilikwisha zama zile pia; lakini zilipokwisha, Bwana Dresa alitoka nje akatuambia kwa kinywa chake siku ya kurudi.

Nimezipekua stakabadhi zangu za mshahara nijue zama zile zilikoma lini: sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ni ya 1999, na makato, asilimia 3 kwangu na 3 kwa mwajiri, yalianza 2001, wakati jirani zetu wa Hanang walikuwa wamekwisha kuuonja Mfuko wa Afya ya Jamii. Lakini kwangu mimi zama zile zilikoma siku Bwana Dresa alipostaafu. Baadaye yakaja maduka ya dawa muhimu, kadi na alama za vidole.

Bima siipingi: mke wangu alipasuliwa kwa kadi ile, wala hatukuuza ng'ombe. Lakini mwezi jana dawa yangu ya shinikizo la damu haikuwapo hospitalini, nikapewa fomu ya 2C nikaichukue dukani. Duka la kwanza halikupokea bima, na la pili likaniambia kwamba kwa bima dawa haipo, kwa fedha taslimu ipo. Niliiona rafuni kwa macho yangu, nikalipa.

Sasa iko Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, na mkulima wa Haydom na mfugaji wa Katesh nao watatakiwa wachangie. Nawaomba wenye dhamana: kabla ya kumdai mtu mchango, dawa iwe dirishani, na isipokuwapo, atoke mtu nje amwambie siku ya kurudi.